Pipa Linalolipuliwa na Pipa Linalolipukia: Kifaa na Hatari katika Michezo ya Video ya Majukwaa

Ikisiri

Makala hii inafafanua nafasi ya pipa lenye kulipuka katika michezo ya video ya majukwaa. Mifano imetolewa katika Donkey Kong (1981), Donkey Kong Country (1994), michezo miwili ya kwanza ya Crash Bandicoot (1996 na 1997), Rayman 2 (1999) na Broforce (2015). Hoja kuu ni kwamba pipa hilo ni kitu kimoja chenye dhima mbili, kifaa na hatari, na kwamba mnyambuliko wa kitenzi lipua unazitenganisha dhima hizo vizuri kuliko orodha za kawaida za vitu vya mchezo. Inaonyeshwa pia kwamba pipa la mchezo humfundisha mchezaji kanuni thabiti kuhusu ilani na muda, lakini humfundisha kanuni potofu kuhusu mafuta. Jambo hili lina uzito katika eneo ambalo ajali za malori ya mafuta zimeua mamia ya watu.

Maneno ya msingi: michezo ya video, pipa, mlipuko, mnyambuliko, elimu ya usalama

Utangulizi

Mchezo wa majukwaa ni ule ambao mhusika hukimbia, huruka na hupanda kutoka jukwaa moja hadi jingine, na ambamo kosa la hatua moja humrudisha mchezaji nyuma. Vitu vingi katika ulimwengu wa mchezo huo vina kazi moja tu. Sarafu huokotwa, mwiba huchoma, ngazi hupandwa. Mchezaji akishajua kazi ya kitu mara moja, hana haja ya kukifikiria tena.

Pipa lenye kulipuka haliingii katika mgawanyo huo. Linaweza kubebwa, kurushwa na kuvunja ukuta uliofunga njia. Linaweza pia kumwangamiza aliyelisogelea. Miongozo ya wachezaji imezoea kuorodhesha vifaa upande mmoja na hatari upande mwingine, na inapofika kwenye pipa hulazimika kuliandika mara mbili, kana kwamba kuna mapipa mawili. Lakini pipa ni lilelile. Kinachobadilika ni uhusiano wake na mkono wa mchezaji, na uhusiano huo ndio unaostahili kuelezwa.

Suala hili linawahusu pia wanaotunga vigezo vya umri. Bodi ya ESRB ya Marekani iliyoanzishwa 1994, mfumo wa PEGI wa Ulaya ulioanza 2003, na bodi ya Afrika Kusini inayosimamia filamu na machapisho huangalia zaidi kinachoonekana kwenye skrini: damu, silaha, lugha, utupu. Kwa kigezo hicho mlipuko wa katuni ni jambo dogo, na mkusanyo wa Crash Bandicoot uliotengenezwa upya umepewa na PEGI alama ya miaka 7. Hukumu hiyo inafaa kwa swali lililoulizwa. Swali lisiloulizwa ni kanuni gani mtoto wa miaka 7 anaondoka nayo baada ya kulipua mapipa mia moja.

Pipa la 1981 na moto unaotembea

Historia ya pipa katika michezo hii inaanzia Japani. Mwaka 1981 kampuni ya Nintendo ilitoa Donkey Kong, mchezo uliobuniwa na Shigeru Miyamoto. Gorila amesimama juu ya jengo la vyuma akiwa amemteka mwanamke. Fundi mdogo anapanda kutoka chini. Gorila anamteremshia mapipa. Mchezaji huruka juu ya pipa na kupata alama 100, au hushika nyundo na kulivunja. Katika hatua hiyo ya kwanza mapipa hayo hayalipuki. Yanabingirika, yanashuka ngazi bila kutabirika, na yakimgusa fundi yanamuua.

Hata hivyo, chini kabisa upande wa kushoto kuna pipa jingine lisilobingirika. Ni pipa la chuma lenye neno la Kiingereza la mafuta limeandikwa ubavuni. Mchezo unapoanza gorila huangusha pipa moja moja kwa moja hadi hapo, na mafuta yanawaka. Baadaye, pipa la buluu likifika hapo huzaa mwali wa moto ambao hauishii ndani ya pipa. Unatoka, unatembea juu ya vyuma, unapanda ngazi na kumfuata mchezaji.

Sehemu hii ya mchezo hutajwa mara chache na inastahili kutazamwa zaidi. Miyamoto hakuwa akitoa somo la kemia. Alihitaji adui wa pili. Hata hivyo, kati ya mapipa yote yatakayojadiliwa hapa, hilo la 1981 ndilo lililo karibu zaidi na tabia halisi ya mafuta. Hayalipuki kwa kugongwa. Huwashwa na chanzo kilichotoka mbali, kisha moto wake husafiri. Michezo iliyofuata ilikuwa na picha nzuri zaidi na uwezo mkubwa zaidi wa mashine, lakini kuhusu mafuta ilirudi nyuma.

Lipua, lipuliwa, lipukia

Kiswahili kina njia ya kuieleza tofauti ya kifaa na hatari bila kuazima istilahi. Kitenzi lipua kinamtaka mtenda: mtu fulani analipua kitu. Lipuka hakimtaji mtenda. Tukio limetokea lenyewe, au aliyelisababisha hahesabiwi. Lipuliwa humrudisha mtenda, lakini humweka nyuma, baada ya neno na, au humficha kabisa. Lipukia humwingiza mtu wa nne, yule ambaye mlipuko umemwelekea. Anayesema pipa limemlipukia Juma hasemi lolote kuhusu nani alilipua. Anasema nani ameumia.

Dhima mbili za pipa zimo katika vitenzi hivyo. Pipa ni kifaa pale ambapo mchezaji ndiye mtenda wa lipua. Pipa ni hatari pale ambapo mchezaji ndiye anayelipukiwa. Ubunifu wa mchezo ni kazi ya kuamua ni rahisi kiasi gani kuhama kutoka sentensi moja hadi nyingine.

Katika Donkey Kong Country, mchezo uliotolewa 1994 na kampuni ya Rare ya Uingereza kwa mashine ya Super Nintendo, sentensi ya kwanza inatawala. Mapipa yako kila mahali. Kuna la mbao linalopasuka likirushwa, la chuma linalobingirika na kudunda ukutani, linalomfungia mwenzake mchezaji ndani, na linalomfyatua mhusika angani kama mzinga. Pipa lenye herufi TNT ni mmoja tu katika ukoo huo. Hubebwa kama mengine, hurushwa kama mengine, na hulipuka likigusa adui au ukuta. Baadhi ya kuta hizo zinaficha vyumba vya zawadi, kwa hiyo mchezaji anayeliona pipa hilo huanza kutafuta ukuta ulio karibu. Pipa limekuwa kidokezo. Uwepo wake mahali fulani ni sawa na kusema hapa kuna kitu cha kuvunjwa.

Mchezo huo una jambo dogo la ubebaji ambalo wachezaji wengi hulijua kwa mikono kabla ya kulijua kwa maneno. Donkey, mkubwa wa mwili, hulibeba pipa juu ya kichwa. Diddy, mdogo, hulishika mbele ya kifua. Adui anayetoka mbele hukutana na mwili wa Donkey kwanza, lakini kwa Diddy hukutana na pipa. Kitu kilekile kimekuwa mzigo kwa mmoja na ngao kwa mwingine, bila mchezo kuandika neno lolote.

Miaka mitano baadaye, katika Rayman 2 ya kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa, pipa la baruti lilipewa kazi nyingine. Likisogezwa kwenye moto halimlipukii aliyelishika papo hapo; hufyatuka na kuruka naye kama roketi, naye hulielekeza hadi litakapogonga kitu. Hapa baruti imekuwa chombo cha usafiri. Inachekesha, na inafanya kazi, lakini haihitaji maelezo marefu.

Broforce unahitaji zaidi. Mchezo huo uliundwa na Free Lives, kampuni ya Cape Town, na kutolewa rasmi 2015. Ni mchezo wa majukwaa na bunduki, ambamo karibu ardhi yote inaweza kubomolewa na ambamo risasi moja humuua mchezaji. Mapipa mekundu yamepangwa kati ya maadui, juu ya madaraja, ndani ya mahandaki. Mchezaji anaweza kuyalipua kwa mbali. Risasi ya adui pia inaweza, na vilevile mlipuko wa pipa la jirani, au mtungi wa gesi ulioruka ovyo baada ya kupigwa. Mlipuko mmoja huwasha wa pili, wa pili huondoa sakafu, sakafu ikianguka mchezaji huanguka nayo.

Katika hali hiyo umbo sahihi ni lipuliwa, tena bila kutaja mtenda. Pipa limelipuliwa. Na nani? Mara nyingi hakuna anayejua, na wachezaji wawili waliokaa kwenye kiti kimoja hubishana baadaye nani aliyewaua. Hatari ya Broforce haitokani na pipa kuwa na nguvu. Inatokana na mtenda kupotea. Mchezo huo, kwa kelele na mzaha wake wote, unaonyesha kwamba vitu vyenye kulipuka vikihifadhiwa pamoja huacha kuwa vitu vingi na kuwa kitu kimoja. Mapipa ya Doom, mchezo wa 1993 wa kampuni ya id Software, yalikuwa yameonyesha jambo hilo mapema, lakini Doom si mchezo wa majukwaa na sakafu yake haianguki.

Tarakimu tatu juu ya sanduku

Mfano ulio tajiri kuliko yote hauna pipa bali sanduku. Crash Bandicoot ulitolewa 1996 na Naughty Dog kwa ajili ya PlayStation. Waanzilishi wa kampuni hiyo, Andy Gavin na Jason Rubin, wameeleza hadharani kwamba masanduku yaliongezwa kazi ikiwa imekwisha kusonga mbele, kwa sababu hatua za mchezo zilionekana tupu. Mashine haikumudu kuchora maadui wengi kwa wakati mmoja, ilhali sanduku lina nyuso chache na huchorwa kwa gharama ndogo. Upungufu wa mashine ukazaa mojawapo ya mifumo bora ya hatari katika aina hii ya michezo.

Sanduku jekundu lina herufi TNT. Mchezaji akilirukia juu, halilipuki. Linaanza kuhesabu: 3, 2, 1, tarakimu zikionekana kwenye uso wake na mlio ukiambatana nazo. Mchezaji ana muda wa kuondoka. Akilizungukia kwa pigo lake la kawaida, lile analotumia kuvunjia masanduku mengine yote, linalipuka papo hapo na kumuua. Kitu ni kimoja, mchezaji ni mmoja, na matokeo yanategemea namna ya kugusa.

Kinachofunzwa hapa si woga wa sanduku. Ni utaratibu: tambua, gusa kwa namna inayoruhusiwa, ondoka, subiri. Tarakimu zinasomeka na mtoto asiyejua Kiingereza, na hata asiyejua kusoma sentensi yoyote, mradi anajua kuhesabu hadi 3. Mchezaji aliyezoea huenda mbali zaidi. Analianzisha sanduku kwa makusudi adui anapokaribia, au analiacha livunje masanduku jirani kwa niaba yake. Hatari imegeuzwa kifaa, na kilichoigeuza ni muda.

Mwaka 1997, katika mchezo wa pili, liliongezwa sanduku la kijani lenye neno Nitro. Hilo halihesabu. Ukiligusa kwa namna yoyote linalipuka, na mara kwa mara huruka kidogo mahali pake kana kwamba halina subira. Hakuna namna nzuri ya kuligusa. Lakini mchezo unamdai mchezaji avunje masanduku yote ili apate kito cha hatua hiyo, na masanduku ya Nitro yanahesabiwa katika jumla. Kwa hiyo kuyakwepa hakutoshi. Suluhisho liko mahali pengine katika hatua hiyohiyo: sanduku la kijani lenye alama ya mshangao, ambalo likipigwa hulipua masanduku yote ya Nitro kwa pamoja, mchezaji akiwa mbali nayo.

Tofauti hiyo ya masanduku mawili inalingana na kemia. Nitrogliserini ilitengenezwa 1847 na Ascanio Sobrero huko Italia, na sifa yake mbaya ni kwamba mtikisiko au pigo dogo hutosha kuilipua. Emil Nobel, mdogo wake Alfred Nobel, alikufa katika mlipuko wa nitrogliserini huko Stockholm mwaka 1864; miaka mitatu baadaye Alfred alipata hataza ya baruti ya dinamiti, ambayo kazi yake ilikuwa hasa kuifanya nitrogliserini ivumilie kubebwa. TNT, iliyotengenezwa na Mjerumani Joseph Wilbrand mwaka 1863, ni kinyume chake. Ni tulivu kiasi kwamba huyeyushwa kwa nyuzi takribani 80 za Selsiasi na kumiminwa kama nta, na ili ilipuke inahitaji kiwashio maalumu. Sanduku lenye kusubiri na sanduku lisilosubiri yametenganishwa pale palepale ambapo maabara huyatenganisha. Pipa la TNT la Donkey Kong Country, linalolipuka kwa kugonga ukuta, halina uaminifu huo.

Rangi na herufi

Inadhaniwa kwamba pipa la hatari ni jekundu siku zote. Mifano hii haiungi mkono dhana hiyo. Pipa linalowasha moto la 1981 ni la buluu, Nitro ni ya kijani, na mapipa ya Doom ni ya kijivu yenye kimiminika cha kijani. Nyekundu ni desturi iliyoimarika baadaye, nayo ina udhaifu unaojulikana: takribani asilimia 8 ya wanaume wenye asili ya Ulaya kaskazini hupata shida kutofautisha nyekundu na kijani. Mchezaji wa namna hiyo angeyachanganya masanduku mawili ya Crash kama si herufi na mwenendo wake.

Herufi nazo zina mipaka yake. TNT ni ufupisho usiomwambia chochote asiyeujua, lakini kwa kuwa hautafsiriwi umekuwa picha kuliko neno, na watoto wa Bujumbura, Kampala au Goma huutambua kwa umbo lake. Neno la Kiingereza la mafuta kwenye pipa la 1981 halikupata bahati hiyo.

Enzi tatu katika pipa moja

Pipa la mchezo limeunganisha vitu vitatu ambavyo historia iliviweka mbalimbali. Umbo lake la mbao lenye pete linatoka katika enzi ya baruti nyeusi, iliyosafirishwa kwa vipipa vidogo vyenye pete za mti au shaba ili chuma kisitoe cheche. Wapangaji wa njama ya London ya 1605 walikuwa wameficha mapipa 36 ya namna hiyo chini ya bunge. Katika biashara ya Zanzibar ya karne ya 19, baruti na bunduki zilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizoshushwa bandarini na kupelekwa bara kwa misafara. Herufi zake zinatoka katika kemia ya viwanda ya karne hiyohiyo. Umbo lake la chuma lenye ujazo wa lita 200 hivi linatoka katika uchumi wa mafuta wa karne ya 20.

Msamiati wa Kiswahili umebeba tabaka hizo. Pipa na bomba yalitoka katika Kireno, na baruti ilifika kutoka mashariki kupitia lugha za biashara ya bahari. Mfasiri wa mchezo anapoandika pipa la baruti mahali penye TNT, msomaji anaelewa haraka, lakini enzi mbili zimechanganywa. Anapoandika pipa la mafuta, kosa ni kubwa zaidi. Baruti na TNT ni vilipuzi. Vina ndani yake kila kinachohitajika ili vilipuke. Petroli si kilipuzi. Inahitaji hewa.

Mfumo wa kimataifa wa alama za kemikali, uliochapishwa na Umoja wa Mataifa kwa mara ya kwanza 2003, umeliona jambo hilo. Ndani ya msambamba wenye ukingo mwekundu, kilipuzi hupewa picha ya bomu linalopasuka, na kimiminika kinachowaka kama petroli hupewa picha ya mwali wa moto. Pipa la mafuta katika michezo ya majukwaa lina tabia ya bomu na sura ya mwali.

Pipa tupu

Kosa hilo lingekuwa la kitaaluma tu kama mafuta yangekuwa mbali na watu. Katika Afrika Mashariki na Kati hayako mbali.

Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, nchini Kenya. Tarehe 2 Julai 2010 jingine lilipinduka Sange, Kivu Kusini, katika barabara ya kati ya Bukavu na Uvira. Tarehe 10 Agosti 2019 la tatu lilipinduka Msamvu, Morogoro. Katika kila ajali watu walikusanyika, wengine wakiwa na madumu ya kuchotea mafuta, na moto ukawakuta hapo. Sachangwan na Morogoro walikufa zaidi ya watu 100 kila mahali; Sange walikufa zaidi ya 200.

Haidaiwi hapa kwamba yeyote kati yao alipotoshwa na mchezo wa video. Umaskini na bei ya mafuta vinaeleza mengi kuliko mchezo wowote. Kinachodaiwa ni finyu zaidi. Tukio la namna hii lina mpangilio wa wakati ambao pipa la mchezo limeugeuza. Katika mchezo, pigo ndilo linaloleta mlipuko, na pipa lililopigwa bila kulipuka ni pipa salama. Barabarani, pigo limekwisha pita. Tangi limegonga ardhi, limepasuka, na hakuna kilichotokea. Ukimya huo unasomwa kama usalama, ilhali ndio muda ambao mvuke wa petroli, ulio mzito kuliko hewa mara tatu au nne, unatambaa chini kuelekea cheche ya kwanza itakayopatikana. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Katika jua la Msamvu haikuhitaji msaada.

Fundi wa chuma anakutana na jambo hilohilo kwa kipimo kidogo. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, na wenzao katika miji mingi ya eneo hili, hukata mapipa yaliyokwisha kutumika ili kutengeneza majiko na masanduku. Pipa lililojaa petroli lina nafasi ndogo ya hewa, na mvuke uliomo ni mwingi mno kuweza kulipuka. Pipa tupu ndilo la kuogopwa. Mvuke wa petroli hulipuka ukiwa kati ya takribani asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa. Ili kuufikia mpaka wa chini katika pipa la lita 200 panatosha mabaki ya gramu 10 hivi, yaani kijiko kimoja cha mezani, kiasi ambacho hakimwagiki pipa likipinduliwa na hakionekani kwa anayechungulia tunduni. Kisha huletwa moto wa kuchomelea.

Hakuna mchezo uliojadiliwa hapa wenye pipa hilo. Mapipa yake yote ya hatari yamejaa, na likishalipuka hutoweka kwenye skrini pamoja na tatizo lake. Wabunifu hawana lawama kwa hilo, kwani hawakuahidi kufundisha. Lakini taasisi za elimu na usalama kazini zimeanza kuvutiwa na michezo kama nyenzo ya kufundishia, na zinapochukua umbo lililokwisha kuzoeleka huchukua pia kanuni zilizomo ndani yake. Mchezo wa usalama unaomwonyesha mtoto pipa jekundu lililojaa likilipuka kwa kugongwa utamfundisha kuogopa kitu kisichofaa, kwa wakati usiofaa.

Cha kuazima kutoka katika michezo hii ni utaratibu wa Crash, si fizikia ya mapipa. Mchezaji apewe pipa tupu lisilo na rangi ya hatari. Aligonge asikie mlio wa utupu, na mlio huo ndio uwe ilani. Kukata kabla ya kuosha kuwe sawa na kuzungukia sanduku jekundu. Kulijaza maji hadi karibu na mahali pa kukatia, ili mvuke ukose nafasi, kuwe ndiyo namna inayoruhusiwa ya kugusa. Katika hatua ya barabarani, lori likiwa limelala ubavu, tarakimu zianze kuhesabu pale ambapo hakuna kelele wala moto, na mchezaji asiambiwe zinaishia wapi.

Istilahi za mchezo wa namna hiyo zipo tayari katika lugha. Mabaraza ya Kiswahili, BAKITA na BAKIZA yakiwemo, hayahitaji kubuni neno jipya kwa ajili ya kitu hiki. Yanahitaji kushauri kwamba katika maandishi ya usalama mafuta yasiitwe baruti wala kilipuzi, na kwamba palipo na mtu karibu kitumike kitenzi kinachomtaja. Bango linalosema mafuta hulipuka linaeleza sifa ya mafuta. Bango linalosema mvuke wa mafuta utakulipukia linamweka msomaji ndani ya sentensi.